Magogo kwa Mtu Aliye Hai

Usharika wetu pale Tunduma ulijua kuzika. Nasema hivyo bila kejeli, ingawa wanaonifahamu watasema kejeli ndiyo chumvi yangu. Tulikuwa Walutheri wachache katika mji wa Wamoraviani, na karibu wote tulikuwa watu wa kuja. Wengine walitoka Makete, wengine Njombe, wengine Tukuyu, tumefuata mpaka na biashara huria ya miaka ile. Mtu wa kuja hofu yake kubwa si njaa. Hofu yake ni kufa mahali ambapo hana wa kumlilia. Basi tukaapa, bila kuandika popote, kwamba kwetu hakuna atakayezikwa kama mzigo uliokosa mwenyewe, na kiapo hicho tulikitunza kuliko vingine tulivyotoa madhabahuni.

Kila mtaa ulikuwa na jumuiya yake ya kusali nyumba kwa nyumba. Katika yetu mimi nilikuwa katibu. Tulikuwa na turubai, mabenchi, sufuria za kupikia watu mia, na kila mmoja alijua zamu yake. Msiba ukitangazwa asubuhi, kabla ya saa sita chai imeiva, kaburi limeanza kuchimbwa na wafiwa hawajui hata nani ameteka maji. Wamoraviani wenyewe walitusifu. Sifa hiyo ilitupendeza mno, na ninapoikumbuka sasa naona ndipo tulipoanza kupotea, maana mtu akisifiwa kwa kazi moja huanza kuitafuta.

Kitu kimoja lazima nikieleze, maana mambo yote yaliyofuata yametokana nacho. Tunduma ni baridi. Wakati wa msiba wanaume hukaa uani kuzunguka moto, siku tatu moto hauzimiki, na moto ule haukokwi kwa kuni za jikoni. Unataka magogo, mazima, unene wa paja la mtu mzima, yaliyokauka vizuri. Gogo halipiki ugali. Hakuna mama wa Tunduma anayeweka magogo nyumbani kwa matumizi ya kawaida. Kwa hiyo ukiona magogo yanapita mtaani kwenye mkokoteni huulizi ni ya nini. Unauliza, "Kwa nani?"

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa fundi cherehani, mjane, naye alikuwa wa jumuiya yetu. Mimi nilimwita mdogo wangu, yeye aliniita dada. Mumewe alikuwa fundi wa magari aliyeugua muda mrefu, akakonda hadi tukamzika mtu mwepesi sana. Ugonjwa wenyewe hatukuutaja, kama ilivyokuwa desturi ya miaka ile. Alimwachia mke vitu viwili: binti wa miaka sita, na kibanda kikubwa cha mabati uani ambamo zamani yalitengenezwa malori. Miaka miwili baadaye mjane naye akaanza kukohoa.

Mtaa mzima ukatikisa kichwa. Tulijua, au tulidhani tunajua. Lakini pale kituo cha afya wakampima na kumwambia ni kifua kikuu, tiba yake miezi minane. Miezi miwili ya kwanza alitakiwa kwenda kila asubuhi kumeza vidonge mbele ya nesi. Majuma ya mwanzo hakuweza kutembea peke yake, nikawa namshika mkono. Tulikuwa tunasimama mara nne njiani ili apumue, na kila aliposimama watu walituamkia kwa sauti ya chini, ile sauti ya kuamkia wafiwa.

Juma la saba nesi alimpandisha kwenye mizani, akaangalia daftari, akaangalia tena mizani. Akaniita pembeni. "Huyu ameongezeka," alisema. "Mapafu yanasafika. Akimaliza dawa atapona. Akikatisha, msimlaumu mtu."

Nilisikia vizuri. Nataka hilo lijulikane tangu sasa, kwamba nilisikia neno moja moja.

Wakati huohuo jumuiya ilikuwa inampenda mgonjwa kwa nguvu zake zote. Kila Jumatano tulisali kwake. Wanawake walimletea uji wa ulezi, walimfulia, walimlimia shamba lake dogo la mahindi. Mwanzoni tuliimba nyimbo za kawaida, za sifa na za shukrani. Sijui ni nani aliyeanza, lakini kufikia mwezi wa pili tulikuwa tunaimba kutoka kurasa za mwisho za kitabu, zile za safari ya kwenda juu. Hakuna aliyesema tubadilishe. Mchungaji alimletea Chakula cha Bwana nyumbani, mgonjwa akamwambia kwa adabu kwamba Jumapili atakuja mwenyewe kanisani. Mchungaji akatabasamu na kumshika bega kwa huruma. Mama mmoja alimuuliza, katikati ya mazungumzo ya bei ya mchele, nyumbani kwao hasa ni kijiji gani na barabara ya gari inafika wapi. Mwingine alimuuliza wimbo anaoupenda kuliko yote. Yeye akajibu kila swali, maana alikuwa mtu mwenye heshima, lakini siku moja tulipobaki wawili aliniambia, "Dada, wenzetu wananichuria."

Nikamkemea. Nikamwambia asiwe na uchuro mdomoni, watu wanamtakia mema.

"Najua wananitakia mema," alisema. "Ndiyo maana naogopa."

Sasa niseme habari ya mtoto. Mimi na mume wangu tulikuwa na miaka kumi na moja ya ndoa na nyumba kimya. Nilikuwa nimekwenda kwa madaktari wa Mbeya, nimekwenda kwa waombaji, na kwa aibu yangu nimewahi kuvuka mpaka kwenda kwa mzee mmoja mwenye vibuyu. Yule binti alianza kulala kwangu siku ambazo mama yake alizidiwa. Aliniita mama mkubwa. Alikuwa na tabia ya kula kwanza mboga halafu ugali mtupu, na alilala ameshika sikio lake mwenyewe. Nilimpenda, sitaki kulizungusha. Nilimpenda hadi nikawa naamka asubuhi nikiwa na furaha, na mara tu baada ya furaha nakumbuka furaha hiyo inatokana na nini.

Mzee wa jumuiya yetu alikuwa seremala, mtu mpole, asiyepandisha sauti. Jumapili moja baada ya ibada alituita wachache nyuma ya kanisa. Mvua zilikuwa zimekaribia. Msiba wetu wa masika yaliyopita ulikuwa umetuaibisha, kwa kuwa magogo yalikuwa mabichi na wafiwa walilia kwa moshi kuliko kwa majonzi, na Wamoraviani waliona. "Safari hii tusikurupushwe," alisema mzee. Kuna lori lilikuwa linapandisha magogo makavu kutoka bondeni Momba, angeagiza ya jumuiya nzima mapema. Tatizo lilikuwa pa kuyaweka. Kanisa halikuwa na stoo. Mtu akasema, kibanda cha yule marehemu fundi wa magari ni kikavu na kitupu. Wote tukakubali, na hakuna aliyesema kwa sauti kwamba huko ndiko yatakakohitajika kwanza.

Kisha mzee akauliza habari ya mtoto. Hakumaanisha ubaya. Mtu wa kuja akifa, mtoto wake huweza kupakiwa kwenye gari na ndugu wasiomjua, na sisi tulikuwa tumeyaona hayo. "Mungu akimchukua mwenzetu," alisema, "huyu binti atakaa wapi?"

Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilitakiwa kusema: nesi ameniambia ameongezeka, nesi ameniambia atapona. Ilikuwa sentensi fupi. Nilifungua mdomo nikasema, "Atakaa kwangu."

Wakanisifu. Mama mmoja akanikumbatia. Mzee akaniagiza, kwa kuwa mimi ni jirani na ni katibu, nimweleze mgonjwa kwamba magogo yatawekwa kibandani kwake kama stoo tu, asishtuke. Lori lingefika Jumamosi.

Jumapili ile sikumwambia, nikajitetea kwamba amechoka. Jumatatu nilikuwa na mizigo ya maharage ya biashara yangu kutoka Iyula. Jumanne nilimpelekea uji, nikakaa naye saa nzima, tukaongea habari za kitambaa cha sare za kwaya ambacho alitaka kukikata akipata nguvu. Neno magogo lilikuwa limekaa kwenye ulimi, nikalimeza. Ningemwambiaje? Ningesema ni ya stoo, angeniuliza kwa nini kwangu, na mimi uongo wa haraka siuwezi. Nilienda gulioni badala yake, nikanunua kitanda kidogo cha mbao na shuka lenye maua. Mume wangu alikitazama kile kitanda, akanitazama mimi, akatoka nje.

Lori halikungoja Jumamosi. Lilikuja Alhamisi asubuhi.

Siku hiyo mgonjwa alikuwa amekwenda kituoni peke yake. Alikuwa ameanza kutembea bila kushikwa, pole pole, na alijivunia. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo binti alikuwa nami kwenye kibanda changu cha nafaka pale sokoni. Yaliyotokea uani niliyapata baadaye kwa waliokuwepo. Vijana wa lori walishusha magogo, na kwa kuwa kibanda kilifungwa kwa kufuli na hapakuwa na mwenye ufunguo, wakayapanga nje, mbele ya mlango wa nyumba, wakaondoka. Akapita mama mmoja wa mtaa wa pili, Mnamwanga mwenyeji wa pale, mwenzetu wa usharika, mwenye moyo mwepesi na sauti kubwa. Akaona magogo. Akaona mlango umefungwa. Hakuuliza kwa nani, maana jibu lilikuwa mbele yake. Akaweka mikono kichwani, akaanza, "Mayo we, mayo, mdogo wetu ametuacha asubuhi hii," na mtaa ukaitika.

Niliusifu usharika wetu mwanzo wa habari hii, na sifa zake naziendeleza. Ndani ya nusu saa turubai lilikuwa limefungwa. Mabenchi yalikuwa yamefika. Mtu mmoja alileta unga kwenye beseni, mwingine akaweka mafiga matatu na kukoka moto wa chai. Wanawake walikaa chini wakilia kwa uchungu wa kweli. Kila mmoja alidhani mwili uko hospitali na kwamba mwenzake ndiye aliyepata taarifa. Tulikuwa na utaratibu mzuri kiasi kwamba hatukuhitaji maiti.

Habari ilinifikia sokoni kwa kinywa cha kijana wa mkokoteni. "Mama, jirani yako fundi amefariki," alisema, na mtoto alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika gunzi. Nilimwamini. Nilikuwa na kila sababu ya kutomwamini, nesi alikuwa amenipa sababu hizo, lakini nilimwamini mara moja, na kabla ya huzuni haijafika lilitangulia wazo jingine. Sasa ni wangu. Hivyo ndivyo nilivyowaza. Nilipiga magoti nikamkumbatia yule binti, nikamwambia, "Usilie. Mimi nipo. Kuanzia leo mimi ndiye mama yako, na kitanda chako kipo tayari." Hakulia. Alinitazama usoni kwa makini, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa ninatabasamu ili kumpa moyo.

Tukashika njia ya nyumbani.

Mgonjwa alitutangulia. Alikuwa ametoka kituoni na vidonge vyake tumboni, anatembea kwa miguu yake mwenyewe, anakata kona, anaona turubai uani kwake. Anaona magogo mlangoni. Anasikia vilio. Fikirini alichokielewa. Yeye alijijua kuwa mzima, na mtu mwingine aliyeishi ndani ya nyumba ile alikuwa mmoja tu. Waliokuwepo wanasema hakupiga kelele. Alipiga hatua mbili akauliza, "Mwanangu amekufaje?" na hakuna aliyemjibu, maana walikuwa wanamwona marehemu amesimama. Alianguka juu ya yale magogo na kupasuka paji la uso.

Sisi tuliingia wakati huo. Binti alichomoka mkononi mwangu akamkimbilia. Yule mama alimshika mtoto kwa mikono miwili, akampapasa kichwa, mabega, miguu, anapapasa na damu inamtiririka usoni, halafu akainua uso na kututazama mmoja mmoja. Kilio kilikuwa kimekatika. Kwenye mafiga chai ilikuwa inachemka.

"Mnamlilia nani?" aliuliza.

Mzee wa jumuiya, ambaye alikuwa amefika na nyundo ya kukazia mabenchi, alivua kofia. "Binti yangu," alisema taratibu, "katibu hakukwambia?"

Macho yote yakanijia. Na pale pale mtoto, ambaye hakuwa na hila yoyote, alimwambia mama yake jambo aliloliona kuwa muhimu. "Mama mkubwa amesema umekufa. Amesema yeye ndiye mama yangu sasa. Amenunua kitanda."

Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, nimetukanwa na maofisa forodha na nimefukuzwa na wenye mali, lakini sijawahi kutazamwa vile. Hakukuwa na hasira machoni mwake. Alinitazama kama mtu anayesoma barua iliyochelewa, anaelewa mambo ya nyuma moja baada ya jingine. Uji. Kushikwa mkono njiani. Saa nzima ya Jumanne.

"Kumbe wewe ndiye uliyekuwa unanihesabia siku," aliniambia.

Wenzangu walijitetea, wakaomba radhi, mchungaji akaja, wakasali. Magogo yaliondolewa siku hiyo hiyo, watu wakakwazana kwa haraka ya kuyabeba. Yeye alikaa kizingitini ameshika kitambaa kwenye paji la uso na mtoto mapajani, akawashukuru kila mmoja kwa jina lake. Walipoondoka wote alifunga mlango. Haukufunguliwa tena kwa jumuiya.

Miezi sita iliyobaki alitembea peke yake. Tulimpelekea uji, sufuria ikarudi imejaa, imefunikwa vizuri, na salamu. Tulikwenda kumpalilia, tukakuta amekwisha kupalilia, matuta yamekaa upande kwa udhaifu wa mkono, lakini amepalilia. Jumatano tulisali kwa wengine, na tulipofika kwenye maombi ya wagonjwa, mzee aliruka jina lake kwa hofu. Mimi nilikuwa namsikia upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa namsikia akikohoa, halafu akikohoa mara chache zaidi, halafu nikawa nasikia cherehani. Nilikaa nikimsikiliza na sikujua ninaomba nini. Kuna siku kikohozi kilirudi kwa nguvu, na moyo wangu ulishtuka, na hadi leo siwezi kuapa ulishtuka kwa upande upi.

Alimaliza dawa. Alipona, kama nesi alivyosema. Mwezi uliofuata akauza cherehani moja, akabaki na nyingine, na tukasikia anahamia Mlowo ambako mtu amempa fremu ya duka la ushonaji karibu na wanunuzi wa mazao.

Siku ya kuhama nilimfuata stendi. Nilikuwa nimejiandaa siku nzima. Nilikuwa nimefunga maandazi kwenye kitambaa kwa ajili ya mtoto, na maneno ya kuomba msamaha niliyapanga vizuri, na nilipofika mbele yao yakapotea yote. Mtoto alikuwa amerefuka. Nilichuchumaa, nikamtabasamia, nikamnyooshea maandazi.

Alirudi nyuma ya mama yake, akashika gauni lake kwa ngumi mbili.

"Mwache, dada," alisema mama yake. Sauti yake ilikuwa ya upole, na nadhani kama ingekuwa kali ningeiweza. "Hajakuchukia. Ila ukimchekea tu, anajua mimi nitakufa."

Konda akaita abiria wa Vwawa na Mlowo. Mama yake akapakia cherehani, akampandisha mtoto mbele yake, na nikaona kupitia dirishani anamgeuza uso upande wa pili, asinione.